Nyundo Inayomshinda Mnyanyua Vyuma

Kijana aliyezoea kunyanyua chuma cha kilo 30 kwa mkono mmoja anapewa nyundo ya kuvunjia mawe. Kichwa chake ni paundi 8, yaani kilo 3.6 hivi. Anaambiwa aishike mwisho kabisa wa mpini, mkono ukining'inia ubavuni, kichwa cha nyundo kikiwa kimekaa chini mbele yake. Halafu aiinue mpaka mpini ulale sambamba na ardhi, bila kukunja kiwiko wala kupandisha bega. Kwanza anacheka. Nyundo inapanda shibiri moja, kifundo cha mkono kinatetemeka, vidole vinaanza kufunguka, na kichwa cha nyundo kinarudi mchangani. Akisogeza mkono hadi katikati ya mpini, nyundo ileile inainuka kama mwiko.

Jibu la kitendawili hicho limo katika somo la sayansi la shule ya msingi, pale mwalimu alipochora wenzo, egemeo na mzigo ubaoni. Mzigo unaoelemea egemeo haupimwi kwa uzito peke yake. Unazidishwa kwa umbali. Kilo 3.6 zikikaa sentimita 80 kutoka kwenye kifundo cha mkono, hesabu yake ni 288. Zikikaa sentimita 40, ni 144, na hapo tumeacha uzito wa mpini wenyewe. Upande wa pili wa wenzo huo ndiko kwenye taabu: kano zinazovuta mkono kuelekea upande wa kidole gumba zinapita karibu mno na kiungo, wastani wa sentimita 2 tu hivi. Ili kuizuia nyundo isianguke, misuli hiyo yote kwa pamoja inapaswa kuvuta kwa nguvu inayolingana na kilo 144. Ni karibu mifuko mitatu ya saruji, inayobebwa na kamba nyembamba zinazoonekana chini ya ngozi mtu anapokunja ngumi.

Mazoezi haya yana historia ndefu kati ya watu wa maonyesho ya nguvu nchini Marekani. Jina linalotajwa zaidi ni la Slim Farman wa Pottstown, Pennsylvania, aliyeitwa "The Hammer Man", yaani mtu wa nyundo. Alikuwa mfanyakazi wa machimbo ya mawe, na mwalimu wake alikuwa Joe Greenstein, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyejulikana kama "The Mighty Atom". Greenstein (1893–1977) alikuwa mtu mfupi, futi 5 na inchi 4 hivi, aliyepinda misumari na vyuma mbele ya watu huku akiwauzia sabuni na bidhaa za afya. Farman alikuwa kinyume chake kwa umbo: mrefu, mwenye mikono mirefu. Onyesho lake maarufu lilikuwa kushika nyundo mbili nzito kwa mikono iliyonyooka mbele yake, kuziachia zilale polepole kuelekea usoni kwa nguvu ya vifundo tu, kisha kuzisimamisha tena.

Hapa inafaa kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa. Kupiga mawe kwa nyundo na kuinamisha nyundo ni kazi tofauti. Wapasuaji wa mawe wa Kunduchi, Dar es Salaam, hutumia mikono yote miwili, na mkono mmoja huteleza juu ya mpini nyundo inaposhuka. Uzito wa kichwa unawasaidia, na kifundo kinaongoza njia zaidi ya kubeba. Anayeinamisha nyundo hana mwendo wa kumsaidia. Nyundo inakwenda taratibu, na mzigo wote umekaa mahali pamoja. Farman alizifanya zote mbili, na pengine ndiyo sababu hakupata wa kufanana naye kwa urahisi.

Kifundo cha mkono chenyewe ni mkusanyiko wa mifupa midogo minane iliyopangwa safu mbili, na karibu hakina nyama. Misuli inayokiendesha imejaa kwenye kigasha, karibu na kiwiko, na inashusha kano zake hadi kiganjani. Ndiyo maana mtu anayeinamisha nyundo kwa mwaka mzima huona kigasha kikinenepa huku mkanda wa saa ukibaki kwenye tundu lilelile. Wanaotarajia kifundo chenyewe kiwe kinene kama mpini wa jembe watasubiri sana.

Kukunja kiganja mbele na nyuma, ambako ndiko wengi hufanyia mazoezi kwa vyuma vya jimu, ni sehemu tu ya kazi za kiungo hiki. Mkono pia huinama upande wa kidole gumba, kwa takriban digrii 20, na upande wa kidole cha mwisho, kwa digrii 30 au zaidi kidogo. Halafu kigasha kizima huzunguka, mfupa mmoja ukipita juu ya mwenzake, kama mtu anapofungua kitasa. Kwenye pande hizo zilizosahauliwa ndipo nyundo inapofanya kazi yake. Kichwa kikiwa mbele ya mwili, kinachoinua ni upande wa kidole gumba. Kikiwa nyuma, mgongoni mwa mwenye nyundo, anainua kwa upande wa kidole cha mwisho, na huko watu wengi huwa na nguvu zaidi. Kwa mzunguko, kiwiko kinabanwa ubavuni na kukunjwa, nyundo inasimamishwa wima, kisha inalazwa kulia na kurudishwa, inalazwa kushoto na kurudishwa.

Mpini ukiwa wima kabisa, kifundo hakibebi karibu chochote. Ukiinama digrii 30, mzigo umefika nusu ya kilele chake. Ukilala, umefika wote. Kwa hiyo mwenye kuzidiwa hana haja ya kuiachia nyundo ifike chini. Anaweza kuishusha hadi nusu ya njia na kuirudisha, na wiki chache baadaye ateremke kidogo zaidi.

Uzuri wa kifaa hiki, ukilinganisha na vyuma vya dukani, uko kwenye mpini. Vyuma huruka kwa hatua: kutoka kilo 5 mpaka kilo 7 na nusu ni ongezeko la nusu nzima. Kwenye nyundo, mkono ukiwa umekaa sentimita 40 kutoka kwenye kichwa, kuurudisha nyuma sentimita 2 kunaongeza mzigo kwa asilimia 5. Mtu mmoja anaweza kukaa na nyundo moja ya kilo 2 kwa miezi mingi bila kununua kitu kingine. Anachohitaji ni kalamu ya seremala, au kipande cha utepe, cha kutia alama pale kidole gumba kilipoishia siku ile.

Fundi yeyote angeanza kwingine kabla ya hapo: kukagua kichwa. Nyundo ya zamani iliyokaa juani, mpini wake hukauka na kusinyaa, na kichwa huanza kucheza. Wengi huitumbukiza kwenye ndoo ya maji ili mti uvimbe, nao huvimba kweli, lakini ukikauka kichwa kinalegea tena. Dawa ni kabari mpya juu ya mpini, au mpini mpya. Tahadhari hii inahitajika zaidi kwa wanaotaka kuiga onyesho la Farman la kushusha nyundo usoni. Zoezi hilo lina mvuto wake, lakini meno hayaoti mara mbili ukubwani, na hakuna misuli inayojengwa kwa kushusha nyundo usoni ambayo haiwezi kujengwa nyundo ikiwa ubavuni.

Kano nazo zina tabia yake. Zinapata damu kidogo kuliko misuli, na huimarika kwa mwendo wa polepole zaidi. Mwezi wa pili ndio wa hatari: misuli imeshapata nguvu, mwenye nyundo amenogewa, na anafanya kila siku. Maumivu yakianza kwenye mzizi wa kidole gumba, upande wa juu wa kifundo, huenda ni uvimbe wa ala za kano aliouelezea daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, mwaka 1895. Dalili yake ni maumivu makali mtu anapofungia kidole gumba ndani ya ngumi na kuinamisha mkono upande wa kidole cha mwisho. Akinamama wanaobeba vichanga huupata sana, bila hata kugusa nyundo. Hapo ni kupumzika na kwenda kwa daktari. Siku mbili au tatu kwa wiki, mara 8 hadi 12 kila upande, zinawatosha wanaoanza.

Wataalamu wa fiziotherapia nao wanaijua nyundo, ila yao ni ile ndogo ya kupigia misumari. Mgonjwa aliyetolewa plasta baada ya kuvunjika kigasha, mfupa ukishaunga, huipokea wima mkononi na kuilaza pole pole upande mmoja na mwingine, ili uzito wa kichwa uvute mzunguko uliokakamaa. Kanuni ni ileile ya Farman, kwa gramu mia chache.

Na wapo wacheza mieleka ya mikono, mchezo ulioingia kwenye Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra mwaka 2024. Kwao upande wa kidole gumba ni silaha. Anayeweza kupandisha kifundo chake mapema huvuta vidole vya mpinzani mpaka vifunguke, na mkono uliofunguka hauna pa kushikia. Ukitazama mpini wa nyundo ya mazoezi ya mchezaji wa aina hiyo, utakuta tepe mbili. Ya mkono wa kushoto, kwa wengi, hukaa vidole viwili karibu zaidi na kichwa.