Kilimia Kiko Wapi Mwezi Huu?

Mwaka mmoja, mwishoni mwa Mei, tuliwaahidi watoto wa shule kwamba usiku tutawaonyesha Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ambacho wakulima wamekitazama tangu zamani. Masika yalikuwa yamekwisha na mbingu ilikuwa safi. Watoto wakaja na mikeka yao, wakaketi, wakatazama juu. Tukatafuta mashariki, tukatafuta kaskazini, tusikione. Mwisho tukawarudisha kwao, nasi tumeona haya.

Asubuhi mzee mmoja jirani yetu akatucheka kwa upole. “Mwalimu,” akasema, “mgeni akiisha kwenda kwao, humtafuti barazani. Kilimia kimezama. Ngojeni kidogo, kitarudi alfajiri.” Nasi tulikuwa tumesoma vitabu, lakini hatukumwuliza aliyejua.

Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jambo tulilojifunza tangu siku ile. Haitoshi kuuliza, “Je, Kilimia kimeonekana?” Yafaa kuuliza, “Kimechomoza saa ngapi?”

Kila nyota huchomoza mapema kuliko jana kwa kadiri ya dakika 4. Dakika 4 ni kitu kidogo, lakini kwa siku 15 zapata saa 1, kwa mwezi mmoja saa 2, na kwa miezi 12 saa 24. Ndipo nyota hurudi katika saa yake ya kwanza. Sababu yake ni kwamba dunia yetu yalizunguka jua. Fikirini mtu anayeuzunguka moto uani usiku, na wenzake wameketi pande zote mbali na moto. Yule aliye nyuma ya moto hamwoni, kwa sababu ya mwangaza. Lakini akiendelea kuzunguka, mwenzake yule atatokea kando ya moto. Hivyo ndivyo Kilimia kinavyofichwa na jua mwezi wa Mei. Hakikupotea, kiko nyuma ya moto.

Hapa Ifakara hesabu yake ni kama hivi, kwa kukadiria:

Juni 20, huchomoza saa 10 na dakika 40 alfajiri.
Julai 20, saa 8 na dakika 40 usiku.
Agosti 20, saa 6 na dakika 40 usiku.
Septemba 20, saa 4 na dakika 40 usiku.
Oktoba 20, saa 2 na dakika 40 usiku.
Novemba 20, saa 12 na dakika 40 jioni, jua linapokuchwa.

Atakaye kukiona vema na angoje karibu saa 1 baada ya kuchomoza, kipande juu ya ukungu wa bondeni. Tena achague usiku usio na mbalamwezi. Kitafuteni mashariki, kidogo upande wa kaskazini. Mwezi wa Januari, siku ya 20, kadiri ya saa 2 na nusu usiku, kiko kaskazini, kimepanda karibu theluthi mbili ya njia ya kufika utosini. Toka hapo huonekana jioni kikielekea magharibi. Aprili 20 huzama kadiri ya saa 2 na dakika 10 usiku, na mwenye milima ya Udzungwa mbele yake hukikosa mapema zaidi. Mwanzoni mwa Mei chapotea katika mwanga wa jua, hata karibu katikati ya Juni.

Asiyekijua na atafute kwanza zile nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja. Aufuate mstari huo hata nyota kubwa nyekundu, kisha aendelee mbele. Hapo ndipo kilipo kishada. Macho mazuri huona nyota 6 au 7. Galileo, mtaalamu wa Italia, alipokitazama kwa darubini alichora nyota 36 katika kitabu chake cha mwaka 1610. Leo wataalamu wajua kwamba zimo zaidi ya 1,000, na mwanga wake husafiri kadiri ya miaka 440 kabla ya kutufikia. Nacho kimetajwa katika kitabu cha Ayubu na cha Amosi. Basi mtu asidhani kwamba kukitazama ni jambo la aibu.

Lakini mbona twasisitiza saa? Sikieni. Kijana mmoja wa huku alikuwa akivua samaki mtoni usiku wa manane, mwishoni mwa Septemba, akakiona Kilimia kimepanda. Akarudi nyumbani na habari: “Kilimia kimezuka, wakati wa kulima umefika!” Oktoba ikanyesha mvua moja ya kupita. Jamaa zake wakapanda mahindi yote waliyoweka kuwa mbegu. Jua likawaka majuma mengi, mbegu zikafia udongoni, nao wakalazimika kukopa nyingine. Kijana hakusema uongo, alikiona kweli. Ila hakuuliza saa. Kilimia cha usiku wa manane si Kilimia cha jioni.

Waswahili husema: Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Katika bonde letu sehemu ya kwanza ndiyo tuionayo: chazama masika yangalipo na mto umefurika, charudi alfajiri siku za kiangazi, watu wakiwa kwenye madungu wakiamia ndege katika mpunga.

Hata hivyo nyota haileti mvua. Mvua huja na pepo, nazo hubadilika mwaka hata mwaka. Tulipomwuliza yule mzee atuambie yeye hupanda lini, alijibu hivi: “Kilimia cha jioni chaniambia nitengeneze shamba. Kupanda, naambiwa na udongo.” Naye hutia mkono ardhini aone kama unyevu umeshuka chini.

Basi, walimu, andikeni hesabu hii ukutani mwa darasa, muwatume watoto wakaihakikishe kwa wazee wao. Nanyi wazazi, Juni itakapofika, mwamsheni mtoto mmoja kabla ya mapambazuko, mtoke naye uani. Sisi tuliwaita tena watoto wale alfajiri moja mwishoni mwa Juni, na mzee akaja pamoja nao. Yeye ndiye aliyenyosha kidole kwanza.