Mbio za Marathoni na Nauli ya Mgonjwa wa Malindi

Mbio za hisani ni mbio ambazo washiriki wake wengi hawaitafuti nafasi ya kwanza, kwa kuwa lengo lao ni kukusanya fedha za kugharimia jambo lenye manufaa kwa umma, na katika Afrika Mashariki jambo hilo limezidi kuwa saratani, maradhi ambayo seli za mwili huzaliana bila utaratibu, zikavamia viungo vya jirani na hatimaye kuenea mwilini. Fedha hizo hupatikana kwa njia mbili: ama mshiriki hulipa ada ya kujiandikisha na kupewa fulana na nambari, ama huwaomba jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake wamchangie kwa ahadi kwamba atamaliza umbali fulani. Wengi wanaoichagua njia ya pili wamewahi kumuuguza mzazi, ndugu au mwenza, wakaona shirika fulani likiwashika mkono pale akiba ya nyumba ilipokwisha, na kwao kukimbia ni namna ya kulipa shukrani kwa kumsaidia mgonjwa mwingine wasiyemjua.

Mfano maarufu wa desturi hii katika upande wa saratani ni wa Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani ya mfupa, ambaye mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia umbali unaokaribia marathoni moja kila siku kwa siku 143, akafikisha kilomita 5,373 kabla ya maradhi kuingia mapafuni na kumlazimisha kusimama. Alifariki Juni 1981 akiwa na umri wa miaka 22, lakini mbio za kumkumbuka zimeendelea kufanyika katika nchi nyingi. Nchini Kenya umma ulizoea wazo lenyewe zaidi mwaka 2014, Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa wakati huo, alipokimbia marathoni ya London, yaani kilomita 42.195 kamili, kuchangia kampeni ya Beyond Zero iliyohusu afya ya akina mama na watoto. Tanzania nayo ina NBC Dodoma Marathon, ambayo imechangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iliyoko Dar es Salaam.

Hata hivyo, mfano unaostahili kusomwa kwa makini zaidi na watu wa Pwani ya Kenya ni wa Uganda. Tangu mwaka 2012 vilabu vya Rotary vya nchi hiyo vimekuwa vikiandaa mbio za kila mwaka zinazofanyika Kampala na katika miji mingine mingi, na fedha zake zimeelekezwa kwenye kituo cha matibabu ya saratani katika Hospitali ya St. Francis, Nsambya. Uzito wa kazi hiyo ulidhihirika mwaka 2016, pale mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini humo, iliyokuwa katika Hospitali ya Mulago, ilipoharibika kabisa, wagonjwa wakabaki bila huduma hiyo nyumbani hadi nyingine ilipoanza kazi mwishoni mwa mwaka uliofuata. Kilichowafaa waandaaji ni uvumilivu wa kushika lengo moja mwaka baada ya mwaka, kwani tiba ya mionzi, inayotumia miale yenye nguvu kuua seli za saratani, huhitaji vyumba maalumu vyenye kuta nene za zege ili miale isiwadhuru walio nje, na ujenzi wa namna hiyo haukamiliki kwa mchango wa siku moja.

Je, Kaunti ya Kilifi, ulimo mji wa Malindi, inahitaji lengo gani? Jibu lake linaanzia barabarani. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye tiba ya mionzi, hivyo mgonjwa wa Malindi alipaswa kusafiri takriban kilomita 600 na kungoja zamu. Hali imepata nafuu tangu vituo vya saratani vilipoanza kufunguliwa nje ya Nairobi, na tegemeo kubwa la Pwani likawa Hospitali ya Coast General, Mombasa. Lakini kutoka Malindi hadi Mombasa bado ni kilomita zipatazo 120, karibu marathoni tatu kwa upande mmoja tu, na anayetoka ndani ya Magarini au Ganze huanza kwa bodaboda kabla hajaifikia barabara ya lami.

Umbali huo unalemea zaidi kwa sababu ya jinsi matibabu yenyewe yanavyotolewa. Tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani ambazo wengi huziita kemo, hutolewa kwa awamu zinazopishana kwa wiki kadhaa, na mara nyingi humwacha mgonjwa na kichefuchefu na uchovu mkubwa. Mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa dakika chache kila siku, na kozi inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mtu hawezi kwenda na kurudi Malindi kila siku katika hali hiyo. Humpasa kutafuta pa kulala Mombasa, pamoja na jamaa wa kumpikia na kumshika mkono, na jamaa huyo huacha shamba, kibanda cha samaki au kazi ya hotelini. Abiria wa matatu za Malindi hawashangai tena kumwona mama aliyejitanda leso, bahasha ya kaki yenye majibu ya maabara mapajani, akiomba dirisha lifunguliwe kabla gari halijafika Gede. Bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024 hugharimia matibabu ya saratani hadi kiwango maalumu, lakini haimlipii mama huyo nauli wala chumba, na ni vigumu kuona matumizi bora zaidi ya fedha za mbio za Pwani kuliko hayo mawili. Kozi iliyokatizwa kwa kukosa nauli humpa saratani nafasi ya kukua tena.

Matumizi mengine yanayostahili ni uchunguzi wa mapema. Saratani ya mlango wa kizazi, miongoni mwa zinazowaua wanawake wengi zaidi nchini Kenya, husababishwa hasa na virusi vya papiloma, vijulikanavyo kama HPV, na kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi tangu maambukizi hadi kuwa saratani kamili. Chanjo yake ilizinduliwa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, ila mama zao wanahitaji kuchunguzwa. Muuguzi aliyefunzwa hupaka mlango wa kizazi siki hafifu kwa pamba, akasubiri dakika moja hivi, na sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Dalili hiyo ikionekana, sehemu hiyo inaweza kutibiwa kabla haijawa saratani. Siki, taa, pamba na muuguzi mwenye usafiri wa kufika zahanati za Bamba au Marafa ni vitu ambavyo hata mbio ndogo zinaweza kuvigharimia.

Anayetaka kuandaa mbio hizo azingatie pia hali ya hewa, ambayo Pwani haina huruma. Mwezi Machi mwaka 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, na joto pamoja na unyevu vilimshinda hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa mara tano mfululizo, akajitoa katika mzunguko wa mwisho. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hewa iliyojaa unyevu hulizuia kukauka, kwa hiyo joto la mwili hupanda hata kwa mkimbiaji anayekunywa maji ya kutosha. Miezi ya kusi, hasa Julai na Agosti, ndiyo inayofaa. Mbio zianze alfajiri, na wasiozoea waanze na kilomita tano au kumi, kwani mchango wao hautapungua thamani kwa ufupi wa njia.

Watu wa Pwani hawana haja ya kufundishwa kuchanga. Tofauti iliyopo ni kwamba harambee ya familia humhusu mgonjwa mmoja na mara nyingi huitishwa maradhi yakiwa yamefika mbali, ilhali mfuko wa mbio unaweza kumngoja mgonjwa ambaye bado hajajulikana. Imani ndiyo inayoulinda mfuko huo. Waandaaji wa Malindi, Watamu na Kilifi wapitishe fedha kwa shirika lililosajiliwa kisheria, waeleze kabla ya mbio zitakwenda wapi, na baada ya mbio watangaze hadharani zilipatikana shilingi ngapi, zilitumika ngapi kwa fulana na maji, na ni wagonjwa wangapi waliolipiwa nauli hadi wakamaliza matibabu.