Taa ingali ya kijani, kwa nini tununue mashini nyingine?



Tangu halmashauri ya fedha itangaze kwamba sehemu ya makusanyo ya robo hii itanunua mashini mpya ya kulinda mtandao wa ofisi yetu kuu, makanisa mengi yametuuliza swali moja: ile ya zamani inawaka, intaneti inapita, kwa nini tununue nyingine wakati kuna mapaa yanayovuja? Swali ni la haki, na tunadaiwa jibu.

Mashini yenyewe ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya intaneti na ordinatere za ofisi. Mafundi wetu wanaiita pare-feu, wengine husema ukuta wa moto. Inafanya kazi ya mlinzi wa lango: kila ujumbe unaoingia au kutoka, inatazama unatoka wapi na unakwenda wapi, kisha inaupitisha au inaukataa kwa kufuata kanuni tulizoiandikia.

Lakini ndani ya kisanduku hicho mna programu, na hakuna programu isiyo na makosa. Makosa yanapogunduliwa, kiwanda hutuma masahihisho. Kila aina ya mashini ina tarehe mbili: siku kiwanda kinapoacha kuiuza, na siku nyingine, mara nyingi miaka kadhaa baadaye, kinapoacha kuisaidia. Baada ya siku hiyo ya pili, tundu likionekana halizibwi tena. Taa inabaki ya kijani kwa sababu mashini haijui kwamba imeachwa. Wezi ndio wanaojua. Wanasoma matangazo ya viwanda kuliko sisi, na tundu likitangazwa wanakwenda kulitafuta katika mashini kuukuu zilizobaki langoni.

Tarehe 25 Septemba 2025, CISA, idara ya Marekani inayohusika na usalama wa mitandao, ilitoa amri ya dharura kwa ofisi za serikali yao kuhusu mashini za Cisco zinazoitwa ASA, kwa kuwa wavamizi walikuwa wakizitumia kuingia. Zile ambazo msaada wake ungekwisha kufikia tarehe 30 mwezi huo ziliamriwa kuondolewa kabisa mtandaoni. Katika baadhi ya zile za zamani, wavamizi waliweza kubadili hata programu ya kwanza kabisa inayoiamsha mashini, hivyo kuizima na kuiwasha, au kuipa toleo jipya, hakukuwaondoa.

Mtu atasema: sisi ni kanisa, nani atatutafuta? Mwezi wa Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wamefikia habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa wametengana na jamaa zao kwa vita, uhamiaji na maafa. Waliingia kupitia tundu ambalo masahihisho yake yalikuwapo lakini hayakuwa yamewekwa. Yalipita majuma kumi kabla hawajagunduliwa.

Nasi tunaweka nini katika ordinatere zetu? Orodha za wakimbizi wa ndani tunaowagawia chakula, pamoja na mahali wanapolala. Maelezo ya akina mama waliokuja kusikilizwa, ambao wengine walitaja jina la aliyewatendea ubaya. Mama huyo alisema mbele ya mtu mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Karatasi ile ikivuja, si pesa inayopotea. Na tangu Machi 2023 nchi yetu ina Code du numérique, inayotudai kulinda habari za watu tunazozikusanya.

Tukiri kosa letu. Mashini ya sasa ilikuwa zawadi, na tulipoipokea tulishukuru bila kuuliza imebakiza miaka mingapi ya msaada. Ulipokwisha, tuliendelea nayo. Nehemia hakuridhika na ukuta uliokwisha kujengwa. Aliweka pia walinzi malangoni. Sisi tulimwacha mlinzi pale bila kumtembelea.

Tulipoanza kuandaa kazi tulikuta jambo la aibu: mlango uliofunguliwa zamani kwa ajili ya fundi mmoja aliyekwisha hama ulikuwa ungali wazi. Kwa hiyo hatutanakili kanuni zote za zamani. Kila moja itaulizwa ni ya nani na ya kazi gani, na ile isiyo na mwenyewe itaachwa. Maneno ya siri yote yatabadilishwa. (Na tafadhali, yasibandikwe tena ukutani.)

Kwa makanisa yenye mtandao wake: geuza kisanduku, soma jina la aina yake chini, kisha tafuta kwa kiwanda tarehe ya mwisho wa msaada. Fanyeni hivyo pia kabla ya kupokea zawadi kutoka ng'ambo. Uwezo ukiwa mdogo, kuna programu ya bure kama OPNsense inayowekwa katika ordinatere ndogo ya kawaida, mradi awepo mtu wa kuisahihisha mara kwa mara. Ukinunua ya kiwanda, bei ya dukani si yote: kuna leseni ya kulipiwa tena na tena, iingizwe katika bajeti, pamoja na kifaa cha kuikinga na umeme unaopanda na kushuka.

Ile ya zamani haitauzwa wala kupewa shule kabla ya kufutwa kabisa, kwa maana ramani ya mtandao wetu imo ndani yake.

Siku ya kubadilisha, ofisi haitakuwa na intaneti tangu asubuhi hadi jioni. Makatibu watajulishwa mapema, ili ripoti za mwezi zitumwe kabla. Na kuhusu mapaa, halmashauri haijayasahau: fungu lake liko mbali na hili, wala halikuguswa.