Kijumba Kando ya Reli Iliyong'olewa

Msafiri anayepanga kijumba cha mbao katika vilima vya magharibi mwa jimbo la Wisconsin, huko Marekani, kwa azma ya kuiandama kwa baiskeli ile njia iendayo kutoka Elroy hadi Sparta, aghalabu huulizia kitanda, jiko na kuni, asiulizie lililo kubwa kuliko hayo yote, nalo ni kimo cha kijumba chenyewe juu ya njia.

Sababu imo katika asili ya njia hiyo, ambayo zamani ilikuwa reli. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi, hata garimoshi likashindwa na kilima ambacho punda mwenye shehena hukipanda bila kusita. Na wajenzi walioimaliza reli hiyo mwaka 1873, walipoikabili nchi ambayo barafu kuu za kale hazikuifikia wala kuisawazisha, hawakuwa na hila ila kufuata mabonde, na pale bonde lilipokoma, kuutoboa mlima. Ndiyo asili ya mahandaki matatu, mawili ya takriban mita 400 kila moja, na la tatu, baina ya Norwalk na Sparta, lipatalo mita 1,160. Garimoshi likaacha kupita mwaka 1964, serikali ya jimbo ikainunua ardhi mwaka uliofuata, na badala ya mataruma yakatandazwa mawe ya chokaa yaliyopondwa kwa urefu wa kilomita 52. Mwinuko wake, maadamu ulipimwa kwa nguvu za garimoshi, hauzidi mita 3 kwa kila mita 100, na hata mtu mzima asiye na mazoezi huumudu.

Mahandaki hayana taa. Sharti mtu ashuke, aisukume baiskeli, awe na kurunzi na koti pia, kwani maji hudondoka kutoka darini na baridi ya humo haiondoki hata mwezi wa Julai. Milango mikubwa ya mbao iliyomo midomoni mwake, ambayo zamani mlinzi aliifungua na kuifunga kila garimoshi lipitapo wakati wa baridi ili maji yasigande na kupasua kuta, hadi leo hufungwa majira hayo; basi mwenye kutaka kupita ndani na aende kiangazi.

Tuje kwenye kijumba. Njia imelala bondeni, ilhali wenye vijumba, kwa kupenda mandhari, hujenga mgongoni mwa kilima, kisha hunadi kwamba njia i karibu, nao hawasemi uongo. Lakini ule ukaribu hupandwa jioni, miguu imekwisha choka, kwa barabara ambayo hakuna mhandisi wa reli aliyeilainisha. Mimi ningestahabu kijumba cha bondeni karibu na kijiji cha Wilton kilicho njiani, ijapokuwa dirisha lake litatazama shamba la mahindi tu, kwani hapo handaki moja liko upande wa Kendall, la pili upande wa Norwalk, na lile refu hufikiwa na kurejewa kabla ya chakula cha jioni.