PIKIPIKI MPYA, MGONGO UNAUMA

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia maumivu ya mgongo kwa wanaosafiri kwa pikipiki. Hapa Korogwe familia nyingi zina mtu wao juu ya pikipiki: kijana wa bodaboda, mwalimu, mhudumu wa zahanati, katekista anayezungukia vigango. Wapo wanaojinyima muda mrefu ili wanunue zile pikipiki ndefu za safari, zenye tairi kubwa la mbele na shokapu ndefu, wakitumaini kwamba njia ya kupanda Bungu au ya kwenda Mashewa haitawaumiza tena. Baada ya wiki mbili wanalalamika kwamba pikipiki mpya inapiga kuliko ile kuukuu.

Tuanze na mwili. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna kisahani laini chenye maji mengi ndani. Visahani hivyo ni 23, na ndivyo shokapu zetu wenyewe. Kwa mtu mzima karibu havina mishipa ya damu. Hupata chakula kwa kuminywa na kuachiwa, kama sifongo. Mtu akiketi na kutikiswa saa nyingi, visahani huminywa bila kupumzika, na misuli ya kiuno huchoka kwa kuukaza mgongo. Wengi wakisikia maumivu hayo husema ni figo. Mara nyingi si figo.

Mtikisiko unaoumiza zaidi mtu aliyeketi ni ule wa kama mara 4 hadi 6 kwa sekunde, maana hapo kiwiliwili chenyewe huuongeza. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwamba waajiri wapime mtikisiko wanaoupata wafanyakazi wao, wakiwamo wanaoendesha matrekta na mitambo. Kijana wa bodaboda hana wa kumpimia, hivyo ajipimie.

Kwa nini pikipiki mpya iwe ngumu? Kwanza tazameni upepo wa matairi. Tairi lililojazwa kupita kiasi hurusha kila jiwe mgongoni. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye kibandiko karibu na mnyororo. Pimeni asubuhi tairi likiwa baridi. Msipunguze chini ya hapo kwa kutafuta ulaini, maana rimu itapinda.

Kisha springi. Pikipiki hizi hutengenezwa ziweze kubeba mtu mzito pamoja na mizigo, na kijana wa kilo 58 akiipanda peke yake shokapu ya nyuma karibu haishuki. Hilo ni kosa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Shokapu lazima izame kiasi unapoketi, ili gurudumu liwe na nafasi ya kushuka ndani ya shimo. Isipozama, pikipiki nzima hudondoka shimoni pamoja nawe.

Kupima si kazi ngumu. Inahitaji watu watatu na futi ya fundi cherehani. Inueni pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, mpime kutoka kwenye nati ya ekseli hadi alama mliyoweka juu yake kwenye fremu. Mwenye pikipiki aketi na mzigo wake wa kila siku, mmoja aishike isimame wima, mwingine apime tena. Tofauti iwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu, ambao umeandikwa kitabuni. Kama mwendo ni sentimita 18, tofauti ya 5 au 6 inafaa. Ikiwa ni 3 tu, fundi alegeze pete iliyo kwenye springi, hatua moja baada ya nyingine, mkipima kila mara. Siku ya kubeba gunia la machungwa, aikaze tena. Ikiwa pete imelegezwa hadi mwisho na bado haizami, springi ni nzito mno kwa mtu huyo. Itafutwe nyingine laini. Kukata springi, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, hakufai, kwa sababu springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi.

Shokapu za mbele nazo hukwama kama gurudumu lilifungwa likiwa limejipinda. Fundi alegeze boliti zinazoibana ekseli, abonyeze usukani mara kadhaa, ndipo akaze. Kumbukeni pia kwamba sili mpya hubana, na hulainika baada ya kilomita mia kadhaa. Msiharakishe kununua shokapu nyingine.

Penye makorongo mwendeshaji asimame juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, miguu ipokee pigo badala ya kiuno. Kila saa moja ashuke atembee. Mishikaki ya abiria watatu inavunja sheria, na inavunja pia mgongo wa dereva.

Jambo linalotusikitisha ni vijana wanaomeza diklofenaki kila jioni kama karanga, ili kesho yake warudi barabarani. Dawa hiyo ikizoeleka huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo, zile zile walizokuwa wakizisingizia.

Maumivu ya kawaida ya kiuno mara nyingi hupungua katika wiki chache kwa kuendelea na kazi nyepesi na kutembea. Lakini mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda waweza kuwa na kifua kikuu cha mifupa. Mgonjwa aende kupimwa. Na yeyote ambaye miguu imekosa nguvu, amekufa ganzi katikati ya mapaja, au ameshindwa kukojoa, afikishwe Hospitali ya Magunga siku hiyo hiyo, tena kwa gari.