Macho ya Fundi wa Kuchomelea

Wagonjwa wa aina hii hufika hospitalini kwetu usiku, mara nyingi saa sita au saa saba. Ni kijana anayeongozwa na mwenzake kwa mkono, macho ameyafumba, machozi yanatiririka, naye analalamika kwamba macho yamejaa mchanga. Tukimwuliza kazi yake hujibu kuwa anajifunza kuchomelea mageti na madirisha. Mchana kutwa alikuwa mzima, na kwa sababu hiyo wengine hudhani wamerogwa.

Hawakurogwa. Moto wa umeme wa kuchomelea hutoa, pamoja na mwanga tunaouona, miali isiyoonekana ya aina ile ile iliyomo katika jua. Miali hiyo huunguza utando angavu ulio mbele ya jicho. Maumivu hayaji papo hapo, bali baada ya muda, kwa kawaida kati ya saa 6 na 12. Mara nyingi jicho hupona kwa siku 1 au 2, mradi lisichokonolewe.

Taabu iko hapo kwenye kuchokonoa. Nyumbani watu huweka vipande vya viazi, majani ya chai, hata maziwa ya mama anayenyonyesha. Jicho lililoungua ni kidonda wazi. Uchafu ukiingia, kidonda huchimbika na kuacha kovu jeupe, na kovu hilo hatuna dawa ya kulifuta. Mgonjwa akae penye giza, afunikwe macho kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi yaliyochemshwa, anywe parasetamoli, kisha afike kwetu apewe dawa ya kupaka. Wengine hutuomba matone ya ganzi waende nayo nyumbani. Hatuwapi, hata wakitukasirikia, kwa kuwa matone hayo huchelewesha jicho kupona. Na chembe ya chuma ikiruka jichoni wakati wa kusaga, isitolewe kwa njiti ya kiberiti. Aje hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa nini wanafunzi huumia zaidi? Kwa sababu karakana nyingi zina kinyago kimoja. Fundi mkuu anakivaa, mwanafunzi anashika chuma, anageuza uso, kisha anachungulia apate kuona mshono unavyokwenda. Nani atamlaumu? Amekuja kujifunza. Miwani ya jua haimkingi. Kwa moto wa umeme kioo huwa namba 10 au zaidi. Fundi aliyefunzwa vizuri tunamtambua kwa neno moja: kabla ya kugusisha fimbo kwenye chuma, husema kwa sauti, “Macho!” Hapo msaidizi na watoto wanaotoka shule hujua wakati wa kugeuka.

Moshi nao una mambo yake. Anayechomelea bomba lenye zinki anaweza kushikwa jioni na homa, kutetemeka na ladha ya chuma mdomoni. Damu ikipimwa malaria haionekani, na kesho yake au kesho kutwa huwa mzima. Asinywe dawa za malaria bure. Zinki au rangi ikwanguliwe kwanza mahali pa kuunga, kazi ifanywe nje, na fundi asiinamishe kichwa ndani ya moshi. Maziwa wanayokunywa mafundi ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Moshi umekwenda mapafuni. Jambo hili si dogo, maana mwaka 2017 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha kansa.

Pipa lililowahi kubeba petroli lisichomelewe kienyeji hata likionekana tupu. Mvuke uliobaki hulipuka.

Mzazi unayempeleka kijana wako kwa fundi, kabla ya kulipa ada uliza karakana ina vinyago vingapi. Kikiwa kimoja, mnunulie cha kwake.