Nilijaribu runinga ya intaneti kwa wiki moja Myanga: Hizi hapa hesabu zangu

Huenda nawe umeliona lile tangazo. Unapekua simu yako jioni, mara linatokea: huduma mpya ya runinga ya intaneti, filamu na tamthilia kibao, lipia wiki moja tu, tazama popote ulipo. Picha ni ya msichana ameketi kwenye sofa akicheka, simu mkononi. Nawe uko kwenye kigoda nje ya jikoni, simu imebaki na chaji asilimia thelathini na stima imepotea tangu saa tisa.

Mimi nilibonyeza. Naishi Myanga, Bumula, kaunti ya Bungoma. Nina miaka 22, nilimaliza Kidato cha Nne, na kwa sasa namsaidia mama kuuza ndizi sokoni nikisubiri mambo ya chuo yanyooke. Nilikuwa na shilingi 500 zangu za vibarua. Nikajiambia, wacha nijaribu hii kitu kwa siku saba, niandike kila shilingi inayotoka, halafu niwaambie wenzangu ukweli. Huduma yenyewe sitaitaja, kwa sababu niliyoyaona yanaweza kukupata kwenye huduma yoyote ile.

Tulikotoka

Kabla hujaniuliza kwa nini nisitazame tu runinga ya kawaida, kumbuka tulikotoka. Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali. Februari 2015, vituo vya Citizen, NTV na KTN vilizima matangazo kwa zaidi ya wiki mbili kwa sababu ya mzozo kuhusu uhamiaji huo. Kwetu, ile runinga ya kichogo ikageuka kabati la kuwekea vitambaa hadi mjomba aliponunua king'amuzi.

Mwaka uliofuata, Januari 2016, Netflix ikafungua milango Kenya na katika nchi nyingine nyingi kwa siku moja. 2017 ikaja Viusasa, ya hapa hapa nyumbani. Halafu Septemba 2021 Netflix ikawapa Wakenya wenye simu za Android mpango wa kutazama bure. Marafiki zangu wengi walionjea hapo. Mpango huo ulifungwa Novemba 2023, na waliozoea vya bure wakarudi kwenye banda la video.

Banda la video unalijua. Shilingi 20 mlangoni, benchi la mbao, filamu ya saa mbili, na sauti ya DJ Afro ikikusimulia mapigano ya Wachina kwa Kiswahili na Sheng kana kwamba yanatokea hapo Kanduyi. Huku kwetu karibu na mpaka wa Malaba, siku nyingine unakuta filamu imetafsiriwa kwa Kiganda na VJ Jingo wa Uganda, na watu wanacheka hata wasiojua neno. Shikilia hiyo shilingi 20, tutairudia.

Siku ya kwanza: Dakika 40, shilingi 100

Nililipa shilingi 150 za wiki nzima. Hapo nikajiona mjanja sana. Nikanunua bando ya GB moja kwa shilingi 50, nikapanda hadi karibu na barabara ambako mtandao una nguvu, nikaketi.

Picha ilikuwa safi ajabu. Ungehesabu nywele za mhusika. Baada ya dakika 20, skrini ikaganda, na ujumbe ukaingia: bando imeisha. Nikadhani nimeibiwa. Nikanunua nyingine ya shilingi 50. Dakika 20 tena, kwisha.

Hakuna aliyeniibia. Hebu nikueleze jinsi mambo haya yanavyofanya kazi, maana laiti ningejua mapema ningeokoa hiyo mia. Video ya intaneti hukatwa vipande vidogo vya sekunde chache. Simu yako huagiza kipande kimoja baada ya kingine ukiendelea kutazama. Mtandao ukiwa na kasi, simu huagiza vipande vizito vyenye picha kali. Mtandao ukilegea, inaagiza vyepesi, ndiyo maana picha wakati mwingine huwa na ukungu. Kwa hivyo pale nilipokimbilia mtandao mzuri ndipo bando iliponyonywa zaidi.

Netflix yenyewe huwaambia wateja wake kwamba picha ya hali ya juu inaweza kula hadi GB tatu kwa saa. Piga hesabu: GB moja, dakika 20. Lakini ukiweka mpangilio wa kuokoa data kwenye simu, GB hiyo hiyo inaweza kukupa takriban saa sita. Simu ni ile ile na filamu ni ile ile. Tofauti iko kwenye kitufe kimoja tu ambacho watu wengi hawajawahi kukifungua.

Siku ya pili na ya tatu: Napata akili

Siku ya pili nikaingia kwenye mipangilio, nikaondoa “otomatiki”, nikachagua ubora wa chini. Kwenye skrini ndogo kama yangu, ukweli ni kwamba hata sikuona tofauti kubwa. Shilingi 50 zikanipa saa mbili, na bando ikabaki.

Siku ya tatu nikagundua jambo lingine: kupakua. Badala ya kutazama moja kwa moja, unashusha vipindi kwenye simu na kuvitazama baadaye bila data. Nikanunua bando nyingine ya 50, nikafuta picha za zamani kupata nafasi, nikapakua sehemu tano za tamthilia moja ya Kikorea inayohusu mke wa mwana na mama mkwe wake. Nilikuwa nimetazama filamu nyingine fupi ya saa moja pia. Nikalala nikiwa tajiri.

Siku ya nne: Kukhu aingia ukumbini

Stima ilipotea jioni hiyo. Redio ya kukhu, ambayo husikiliza Sulwe FM kutwa nzima, ilikuwa imekwisha betri. Akaniita. “Wewe na hiyo simu, mnaangalia nini kila siku?”

Nikaketi kando yake, nikaiegemeza simu kwenye kikombe. Kwenye skrini watu wanaongea Kikorea, chini kuna maandishi ya Kiingereza. Kukhu hasomi Kiingereza. Akatazama dakika tano kimya, halafu akauliza, “Huyu msichana analia nini na nyumba ni nzuri hivi?”

Basi nikaanza kutafsiri. Mwanzoni neno kwa neno, nikachoka. Kisha nikafanya kama DJ Afro: nikawapa watu majina ya huku kwetu. Mama mkwe akawa Nekesa, mwana wake akawa Wafula, yule msichana akawa Nafula. Kiswahili kikinishinda natia Kibukusu. Kukhu akaanza kujibu skrini. Nekesa alipomwaga chakula cha Nafula, kukhu alipiga goti lake kofi na kusema, “Huyo mama hana haya! Chakula hakimwagwi!”

Tulitazama sehemu nne, saa tatu nzima, hadi chaji ikafika asilimia sita. Sehemu ya tano tukaiweka.

Hapo ndipo nilipoona pengo ambalo tangazo halikuniambia. Nilikuwa na mamia ya vipindi kwenye ile programu, lakini vya lugha anayoielewa kukhu vilikuwa vichache mno. Yeye bado humkumbuka Papa Shirandula wa Citizen, marehemu Charles Bukeko aliyetuacha Julai 2020, kwa sababu mtu yule alizungumza kama majirani zake. Si kwamba Kenya haina hadithi. Tamthilia ya Country Queen ilipoingia Netflix Julai 2022, ilisikika Kiswahili na Kikamba ndani yake, na ulimwengu haukuanguka. Kama wewe ni kijana unayetaka kuandika au kurekodi filamu, jua kwamba kuna kukhu mmoja Myanga anakusubiri, na nadhani hayuko peke yake.

Siku ya tano: Hapa niliharibu

Hii sehemu naiandika kwa aibu, lakini nilikuahidi ukweli.

Usiku wa siku ya tano programu ilinitoa kwenye akaunti. Nikaingia tena, sikuangalia mipangilio. Ilikuwa imerudi “otomatiki”. Bando yangu ya 50 ikaisha dakika 20 tu baadaye, na filamu ilikuwa imenoga. Mama alikuwa amelala. Simu yake ilikuwa kwenye chaji, na nilijua ana MB kadhaa za bonasi. Nikawasha hotspoti yake, nikapunguza ubora wa picha, nikaendelea.

MB zake ziliisha bila mimi kujua. Filamu haikukatika. Niliendelea kutazama kwa starehe, saa moja hivi, kumbe sasa mtandao unakula salio lake. Shilingi 120.

Mama hununua ndizi za kutoka Uganda zinazopitia Malaba. Kila siku ya kuchukua mzigo, saa kumi na moja alfajiri humpigia mtu wake aliye kwenye lori, amwambie ashushe mikungu mingapi Myanga. Asipopiga, lori halisimami. Alfajiri hiyo alipiga, akaambiwa hana salio. Akajaribu mkopo wa salio, akakumbushwa deni la zamani. Akatuma ujumbe wa “tafadhali nipigie”, kimya. Akaniamsha. Mia moja yangu iliyobaki ilikuwa noti mfukoni, M-Pesa zetu zote mbili kavu, na duka hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Tulikimbia hadi barabarani. Lori lilikuwa limeshapita.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Ilikuwa filamu nzuri?” Heri angenichapa. Siku hiyo meza yake ilikuwa na vichana vitatu vya juzi vilivyoanza kuwa vyeusi, na wateja wake walinunua kwa jirani mbele yangu.

Ile noti ya mia nilimnunulia salio. Ishirini nilimlipa wiki iliyofuata. Siku mbili zilizobaki sikutazama chochote.

Hesabu ya mwisho

Haya, chukua kalamu. Malipo ya huduma, shilingi 150. Bando tano za 50, shilingi 250. Salio la mama, 120. Jumla 520. Nilitazama saa nane kwa wiki nzima. Hiyo ni shilingi 65 kwa saa. Banda la video ni shilingi 20 kwa filamu ya saa mbili, yaani 10 kwa saa. Na bado sijaweka faida ya ndizi ambazo hazikuuzwa.

Ina maana hii huduma ni mbaya? Hapana. Ondoa mia ya siku ya kwanza, ondoa kosa la siku ya tano, na hesabu inabadilika kabisa. Jioni ile na kukhu, benchi la banda haliwezi kunipa. Ninachosema ni kwamba bei unayoiona kwenye tangazo ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni bando.

Kabla hujabonyeza

Ukitaka kujaribu, fanya haya kwanza:

Fungua mipangilio ya programu na uchague kuokoa data kabla ya kutazama hata dakika moja. Kila ukitoka na kuingia tena, kagua upya.

Pakua badala ya kutazama moja kwa moja, hasa ukipata Wi-Fi ya bure mjini Bungoma au kwa rafiki.

Waulize wahudumu wa mtandao wako jinsi ya kuzuia intaneti isile salio bando ikiisha. Fanya hivyo kwa laini yako na ya mzazi wako.

Uliza kama malipo hujirudia yenyewe na jinsi ya kuyasitisha. Weka kengele kwenye simu siku moja kabla.

Na laini ya kazi ya mtu mwingine, usiiguse. Simu ya mama yako huenda ndiyo duka lake.

Jambo la mwisho. Siku ya nane kukhu aliniita tumalizie ile sehemu ya tano. Nikafungua programu, nikakuta imefungwa. Vipindi ulivyopakua havifunguki tena wiki uliyolipia ikiisha. Nilimweleza, akanitazama kama mtu aliyeuziwa kuku akanyimwa miguu.

“Basi wacha niimalize mwenyewe,” akasema. Akaniambia jinsi Nafula alivyofungasha nguo zake, akarudi kwa mama yake, akafungua biashara, na Nekesa akaja siku moja kuomba chumvi. Mama alikuwa mlangoni akimenya ndizi. Akauliza, “Alimpa?”

Kukhu akasema atatuambia kesho.